MASIKILIZANO YA ANGANI
Namna jeshi linavyogawa frekansi za redio



Mara hii ukurasa wa masomo umetuangukia sisi wa darasa la sita. Tumechagua jambo lisilo katika programu, lakini linashikana sana na fizika yetu ya mawimbi. Jambo lenyewe ni hili: jeshi lenye mashini za redio elfu na elfu linafanya namna gani ili watu wote waseme bila kuzibana masikio? Nani anapanga? Anahesabu nini? Na kama amepanga vibaya, nani analipa?

Pengine mwenzetu mmoja atasema: «Mambo ya vita inatuhusu nini, siye watu wa masomo?» Tunamjibu kwamba vita katika pande zetu tunaijua bila kuisoma kitabuni, na hatukuandika hapa ili kusifu bunduki. Tumechukua jeshi kwa sababu pale kosa dogo la hesabu linaonekana upesi. Katika ofisi ya kawaida kosa la namna ile linaleta paka makelele. Vitani linaleta maiti.

Frekansi ni kitu gani

Ninyi wa madarasa ya chini, mtuvumilie kidogo. Tukipitisha katika waya wa antene umeme unaokwenda na kurudi upesi sana, waya ule unatupa mawimbi angani. Hesabu ya kwenda na kurudi kwa sekunde moja ndiyo frekansi. Mara moja kwa sekunde inaitwa hezi moja, mara elfu ni kilohezi, mara milioni ni megahezi. Mawimbi yanakimbia kilometa 300 000 kwa sekunde. Basi, kama tunataka urefu wa wimbi kwa meta, tunachukua 300 na kuigawanya kwa hesabu ya megahezi. Frekansi ya 3,5 megahezi inatupa karibu meta 86. Ya 40 inatupa meta 7,5. Ya 100 inatupa meta 3.

Antene nzuri inafuata urefu huo, mara nyingi nusu yake au robo yake. Angalieni sasa: askari mwenye redio mgongoni hawezi kutembea na robo ya meta 86, maana ni fito ya meta 21 na zaidi. Robo ya meta 7,5 haifiki meta 2. Ile anaiweza, hata kama matawi ya miti yatamsumbua. Kumbe, mbele hata ya kumwuliza mkubwa yeyote, hesabu imekwisha kumchagulia mtu wa miguu sehemu yake ya hewa.

Tena mawimbi hayatembei yote namna moja. Yale ya 3 mpaka 10 megahezi hivi yanapanda juu, yanakuta tabaka ya hewa yenye umeme inayoitwa ionosfera, kilometa 100 mpaka 400 juu yetu, na yanarudishwa chini mbali. Waliokwisha kukaa karibu na foni ya misioni wanajua desturi yake: mchana wanasema kwenye frekansi ya juu, jioni wanashuka kwenye ile ya chini. Sababu yake ni jua. Mchana jua linajenga sehemu ya chini ya ionosfera, ambayo inameza frekansi ndogo. Usiku sehemu ile inapotea, na ile ya juu inakuwa nyembamba, hata frekansi kubwa zinaipita na kwenda zao bila kurudi. Kwa hiyo mtu akipewa frekansi moja tu ya foni, amepewa nusu ya siku. Anayepanga ampe mbili, ya mchana na ya usiku, na amwambie saa ya kubadili. Akisahau saa ile, kituo kimoja kitakuwa chini na kingine juu, wote wawili wakiita: «Uko wapi? Sisikii kitu!»

Frekansi zilizo juu ya 30 megahezi kwa kawaida hazirudi kutoka juu. Zinakwenda sawasawa kama mwangaza wa toshi, na mlima unazisimamisha. Watu wengine wanafikiri kwamba hiyo ni hasara. Tutaona kwamba kwa mpangaji ni baraka kubwa.

Nani alianza kugawa

Hewa haina mpaka. Mvua inaweza kuheshimu mlima, mawimbi hayaheshimu ofisi ya duane. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana Berlin katika mwaka wa 1906 kwa masikilizano ya kwanza ya redio. Yaliweka mawimbi ya meta 300 na ya meta 600 kwa meli na watu wote, na alama ya SOS kwa kuita msaada. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Aprili 1912 meli Titanic ilizama, watu zaidi ya 1 500 wakafa. Nyuma ya msiba ule habari za kweli na za uongo zilichanganyikana angani, kila mtu mwenye mashini akirusha lake. Mwezi wa nane wa mwaka uleule Marekani ilitoa sheria. Mawimbi ya meta 600 mpaka 1 600 yakawa ya serikali, ndiyo kusema hasa ya jeshi la majini. Watu wa kawaida waliojifunza redio nyumbani, wengi wao vijana wa umri wetu, walisukumwa kwenye meta 200 na chini yake, mahali ambapo wakubwa waliona hapana faida.

Hapa tunaomba ruhusa ya kucheka kidogo. Mwezi wa 11 wa 1923 Mfaransa Léon Deloy, aliyekuwa Nice, alizungumza na Fred Schnell katika Marekani, ng'ambo ya bahari, kwa wimbi la karibu meta 110. Takataka ile iliyotupiwa watoto ndiyo ilivuka Atlantika! Foni zote za misioni na za jeshi zinazotumia ionosfera zinakaa katika lile eneo lililodharauliwa. Mgawaji anaweza kuwa na kiti kikubwa, tena asijue thamani ya kitu anachogawa.

Leo mgawanyo wa dunia nzima unafanywa katika Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ulioanzishwa 1865, wenye makao Genève. Dunia imekatwa sehemu tatu, na Afrika iko sehemu moja na Ulaya. Katika nchi yetu kuna ofisi ya ARPTC, iliyowekwa kwa sheria ya 2002. Sheria kuu ya Umoja ule inaacha kila nchi huru juu ya redio za jeshi lake. Lakini inataka, kadiri inavyowezekana, jeshi lisaidie wanaoita katika hatari na lisichafue kazi za wengine. Kwa mfano 121,5 megahezi ni ya ndege zilizo katika shida. Ndege ndogo inayoleta dawa inaisikiliza, na ile ya vita vilevile. Hakuna ofisa mwenye akili atakayempa askari wake namba ile kwa kuomba mkate.

Ofisa na karatasi yake

Tuseme sasa wewe ni ofisa wa mawasiliano. Unaanza wapi? Wengi wetu tungeanza na namba. Hapana. Unaanza na watu: nani anapaswa kusema na nani? Mkubwa wa batayo na makompanyi yake, hilo ni kundi moja. Mizinga na mtu aliye mbele anayeona mahali risasi zinaanguka, kundi lingine. Wagonjwa na gari la hospitali, lingine. Kila kundi linalosikilizana kwenye frekansi moja linaitwa rezo. Ukikwisha kuandika marezo yote, ndipo unatafuta namba. Kila mashini ina mipaka yake, na umbali unajulikana kwenye karta.

Kisha unakuta kwamba namba hazitoshi. Hazitoshi kamwe. Hapo ndipo milima inakuwa baraka. Sisi tunaopanga zamu katika enterna tunajua kwamba koro mbili haziwezi kujifunza nyimbo mbili katika chumba kimoja. Lakini moja ikiwa kapelani na nyingine chini kwenye kiwanja cha mupira, zote mbili zinaimba saa ileile, hakuna anayelia. Vivyo hivyo frekansi moja inaweza kupewa marezo mawili kama kati yao kuna umbali wa kutosha, ama mlima. Kazi yote ya mpangaji iko pale: kujua ni nani mbali kweli na nani anaonekana mbali kwenye karta tu.

Tena iko orodha ya namba za kuheshimu, na majeshi ya Marekani na wenzao wanaigawa kwa aina tatu. Aina ya kwanza ni marufuku kabisa, kama zile za kuita msaada: hata wakati wa kuchafua redio za adui, hizo haziguswi. Ya pili ni zile za rafiki zinazolindwa, kwa sababu kazi muhimu inapita pale. Ya tatu ilitushangaza: ni za adui mwenyewe! Zinaachwa salama kwa sababu kuna watu wetu wanaozisikiliza. Ukimziba adui mdomo, umejiziba sikio.

Na mwisho, mpango wote unabadilishwa kila mara, namba pamoja na majina ya kuitana, kwa karatasi za siri zenye tarehe. Rezo inayokaa miezi sita pahali pamoja ni kama mtu anayezungumza siri zake kila jioni kwenye njia moja, chini ya mwembe mmoja. Majirani watakuja kukaa.

Normandie, 1944

Sasa tufike kwenye mfano wenyewe, na tutakaa hapo. Tarehe 6 Juni 1944 majeshi ya Marekani, Uingereza na Kanada yalishuka kwenye pwani ya Normandie, katika Ufaransa, kupigana na Wajerumani. Wamarekani walikuwa na redio nzuri sana kwa wakati ule, za namna ya FM, zenye sauti safi. Walioziandaa walifuata akili iliyo wazi: kila kazi ipewe eneo lake, ili wasichafuliane. Vifaru, yale magari ya chuma, vilipewa mashini SCR-508 na ndugu zake, tangu 20,0 mpaka 27,9 megahezi. Mizinga ilipewa SCR-608 na ndugu zake, tangu 27,0 mpaka 38,9. Askari wa miguu walipewa SCR-300, ile ya kubeba mgongoni, kilo 15 na zaidi, tangu 40,0 mpaka 48,0.

Someni tena namba zile polepole. Vifaru na mizinga wanakutana kati ya 27,0 na 27,9. Mizinga wanaishia 38,9. Askari wa miguu wanaanza 40,0. Askari wa miguu hakutani na mtu.

Askari walikuwa pia na redio ndogo ya mkononi, SCR-536, kati ya 3,5 na 6,0 megahezi. Ile ilikuwa ya AM tena, na ilisikika kilometa moja na nusu hivi. Kwa kusema na kifaru haikusaidia.

Kwenye karatasi mgawanyo ule ulikuwa safi kabisa. Hata ndani ya eneo moja kazi ya kugawa ilikuwa ngumu ya kutosha, na tunataka mwone hesabu yake. SCR-300 ilikuwa na njia 41: 40,0, 40,2, 40,4, na kuendelea mpaka 48,0. Divisheni moja ya askari wa miguu ya Marekani ilikuwa na rejimenti 3, kila rejimenti batayo 3, jumla batayo 9. Tuseme kila batayo inataka njia yake. Divisheni ine zinakula njia 36, zinabaki 5. Lakini mwezi wa saba katika Normandie kulikuwa divisheni za Marekani zaidi ya 10. Basi njia moja ilipaswa kupewa batayo mbili au tatu, na jambo hilo liliwezekana kwa sababu SCR-300 ilisikika kilometa 5 hivi tu. Na kila divisheni inapohamishwa, mpango wa jana umekufa, maana waliokuwa mbali wamekuwa jirani.

Wapangaji waliweza kazi ile. Makelele hayakuwaangusha. Kilichowasumbua ni kile walichokuwa wamekitafuta wenyewe, maana yake utengano.

Sehemu ile ya Normandie ina mashamba madogo madogo. Kila shamba limezungushwa ukuta wa udongo na miti mizito iliyoota juu yake. Wafaransa wanaita bocage. Mjerumani mwenye bunduki ya mashini anajificha pembeni ya shamba, na kila shamba linakuwa boma. Askari wa miguu peke yake hapiti. Kifaru peke yake hakipiti, maana mtu aliye ndani amefunga kifuniko na anaona kwa upenyo tu. Kila mmoja anamhitaji mwenzake: huyu ana macho, yule ana chuma na mzinga.

Fikirini sasa askari amelala nyuma ya ukuta. Anaona bunduki ile iko kwenye pembe ya kuume. Mgongoni ana redio nzima, batri nzuri, yenye sauti safi kupita foni yoyote. Kifaru cha jeshi lake kiko meta 20 mbele yake, nacho kina redio nzima. Hawawezi kusemezana. Anaweza kusema na mkubwa wake aliye kilometa 3 nyuma, huyo atafute mkubwa wa vifaru, naye atafute kifaru kile. Wakati huo bunduki inaendelea. Kwa hiyo askari walikwenda kugonga chuma kwa kitako cha bunduki, ama walipanda juu ya kifaru kupiga kelele kwenye kifuniko, na pale juu walionekana na adui. Wengine walipigwa palepale.

Mtu atauliza: kwa nini wasigeuze tu frekansi ya kifaru? Jibu liko katika jiwe. Redio ya kifaru ilishikwa na vipande vya kristali ya kuwarsi, kipande kimoja kwa kila njia, vipande 80 ndani ya sanduku. Kuwarsi nyingi ilitoka Brazili, ikakatwa na kusuguliwa mpaka itoe frekansi yake sawasawa. Hakuna kipande kimoja kati ya 80 kilichoweza kufika 40,0. Mpango mbaya ulikuwa umekwisha kukatwa ndani ya jiwe, huko Marekani, mbali na bocage.

Walitengeneza namna gani? Namna ya watu wenye haraka. Walichukua simu ya kawaida ya jeshi, ile ya waya, wakaiweka katika sanduku tupu la risasi, wakalifunga nyuma ya kifaru na kuliunganisha na masikio ya watu wa ndani. Askari anakuja kwa kuinama, anafungua sanduku, anasema: «Pembe ya kuume, chini ya mti mkubwa.» Batayo nyingine ziliingiza SCR-300 ndani ya kifaru, mahali padogo palipobaki. Baadaye ilikuja AN/VRC-3, ambayo ni ndugu ya SCR-300 iliyotengenezwa kwa kukaa ndani ya gari. Sisi tunaona sanduku lile la risasi ni somo la fizika kupita mashini nyingi: frekansi zilipokataa, waya wa meta mbili ulitosha.

Ndege zilikuwa na shida ileile. Redio yao SCR-522 ilikuwa kati ya 100 na 156 megahezi, mbali na wote. Jenerali Elwood Quesada, mkubwa wa ndege zilizosaidia jeshi la Jenerali Omar Bradley, aliona kwamba hapana haja ya kungojea mpango mpya. Aliweka redio ya ndege ndani ya kifaru, na pamoja nayo mtu wa ndege anayejua lugha ya marubani. Huyo anatembea na vifaru, na ndege ine zinazunguka juu yao. Angalieni vizuri alichofanya: hakugusa mgawanyo wa frekansi. Alihamisha mtu mmoja na mashini moja kutoka rezo moja kuingia katika nyingine.

Shambulio lililoitwa Cobra lilipaswa kuanza tarehe 24 Julai 1944. Mawingu yalizuia, amri ya kurudisha ndege kubwa za mabomu ikatumwa, lakini haikuzifikia zote kwa wakati. Nyingine zilitupa mabomu, na askari 25 wa Marekani wakafa kwa mabomu ya ndege zao. Kesho yake, 25 Julai, shambulio lilianza kweli, na mabomu yaliyoanguka karibu yaliua tena Wamarekani 111. Siku zilizofuata, vifaru vyenye redio za Quesada vilitoka katika bocage na kukimbia, marubani wakiwaambia kilicho nyuma ya kona. Hivyo wiki moja ilionyesha mambo yote mawili: watu wa chini wasiosikika juu, na watu wa chini wanaosikika.

Nyuma ya vita

Wamarekani walisahihisha. Katika miaka ya 1950 walikuwa na redio tatu za mgongoni zinazofanana: PRC-8 ya vifaru, 20,0 mpaka 27,9, PRC-9 ya mizinga, 27,0 mpaka 38,9, PRC-10 ya askari wa miguu, 38,0 mpaka 54,9. Linganisheni na namba za kwanza. Mtu wa miguu ameshushwa tangu 40,0 mpaka 38,0, na sasa anakutana na mizinga kati ya 38,0 na 38,9. Kipande kidogo kile, chini ya megahezi moja, kimewekwa kwa makusudi kama mlango kati ya vyumba viwili. Lakini mtu wa miguu na kifaru bado hawakukutana! Ilingoja PRC-25 ya miaka ya 1960, iliyoanza 30,00 na kufika 75,95 kwa hatua za 0,05. Wa darasa la ine, hesabuni njia ngapi. Mtapata 920, na askari wote katika chumba kimoja.

SINCGARS, iliyofuata mwisho wa miaka ya 1980, ina njia 2 320 kati ya 30 na 88, na inaruka kutoka njia moja mpaka nyingine zaidi ya mara 100 kwa sekunde, ili adui asiikamate. Tusifikiri kwamba mpangaji amepoteza kazi. Wote wanaorukaruka wanapaswa kuwa na orodha moja ya frekansi na saa moja. Anayechelewa anaruka peke yake.

Na kosa la zamani halikwisha. Tarehe 25 Oktoba 1983 Marekani ilishambulia kisiwa cha Grenada, na askari wa nchi kavu walishindwa kusema na meli zao wenyewe zilizokuwa mbele ya macho, kwa sababu redio na namba za pande mbili hazikupatana. Mwaka mmoja na nusu mbele ya hapo, tarehe 4 Mei 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, meli ya Uingereza HMS Sheffield ilipigwa na roketi ya Exocet kutoka ndege ya Argentina. Watu 20 walikufa. Meli ile ilikuwa na mashini ya kusikia rada za adui, lakini saa ile meli yenyewe ilikuwa ikirusha mawasiliano yake, na mawimbi yake yakaziba sikio lake. Makosa mengine yalikuwako pia, siyo hilo moja. Lakini mjue kwamba mtu anaweza kuchafuliwa na sauti yake mwenyewe bila jirani yeyote.

Hesabu kwa wanaotaka

Jambo hilo la mwisho lina hesabu yake nzuri. Mashini mbili zikirusha karibu karibu, kwa mfano juu ya kilima kimoja, frekansi zao a na b zinaweza kuzaa mzuka wa tatu kwenye 2a − b, na mwingine kwenye 2b − a. Tuchukue 40,0 na 40,2: mara mbili ya 40,2 kutoa 40,0 inaleta 40,4. Kumbe, mtu aliyepanga kilimani 40,0, 40,2, 40,4, kwa mstari mzuri kama vitanda vya enterna, ameharibu ya tatu kwa mikono yake. Lakini 40,0, 40,2, 40,6 ni salama. Jaribuni pea zote, hakuna mzuka unaoangukia namba iliyotumiwa.

Swali ni hili. Kwenye kilima kilekile, kwa hatua za 0,2, ongezeni juu ya hizo tatu njia ya ine, iliyo karibu inavyowezekana, kisha ya tano, bila mzuka kumwangukia mtu. Majibu yaandikwe kwenye karatasi yenye jina na darasa, yaletwe kwetu mbele ya etude ya Ijumaa. Ya ine mtaipata upesi. Ya tano iko mbali kupita mnavyofikiri.